Ndege ya jeshi ikibeba mzigo wako, kumbukumbu ya safari iko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Mzigo wa transiti unapotoka Mombasa kuja Mbarara, mamlaka ya mapato haihitaji kumuuliza dereva kama lori lililala Naivasha. Lakiri ya kielektroniki iliyofungwa mlangoni mwa kontena inajibu yenyewe. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya aina hiyo kwa mfumo mmoja, na lakiri ikichezewa njiani, ofisi inajua. Wafanyabiashara wa Nyamityobora, na wenzao wa Nakivale wanaonunua bidhaa huku, wameizoea.

Angani kazi hiyo hufanywa na vinasa viwili. Kimoja huweka takwimu za safari: mwendo, kimo, mwelekeo na hali ya injini, kwa saa 25 za mwisho. Kingine hunasa sauti za chumba cha marubani. Watu huviita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa ili vionekane haraka kwenye mabaki.

Ndege ya kiraia ya kubeba mizigo mikubwa haiwezi kuruka kihalali bila vifaa hivyo. Ndege ya jeshi inaweza. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unasema katika kifungu cha 3 kwamba hauzihusu ndege za serikali, yaani zinazotumika katika kazi za jeshi, forodha na polisi. Kwa hiyo kinasa cha ndege ya jeshi hakiletwi na sheria ya kimataifa. Kinaletwa na mkataba wa ununuzi. Asiyekiandika kwenye zabuni hakipati.

Mfanyabiashara anaweza kudhani hayo ni mambo ya makamanda. Lakini katika ukanda wetu mpaka kati ya ndege ya jeshi na ya raia ni mwembamba. Uganda Air Cargo, shirika la serikali lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, limebeba shehena za kibiashara pamoja na kazi za jeshi, likitumia Hercules na Y-12. Nchini Kenya, tarehe 10 Aprili 2006, Y-12 ya jeshi la anga ilianguka Marsabit ikiwa na ujumbe wa amani. Watu 14 walikufa, wakiwemo wabunge.

Hata mataifa makubwa yamejifunza kwa machozi. Tarehe 3 Aprili 1996 ndege ya jeshi la anga la Marekani iligonga mlima karibu na Dubrovnik, Kroatia, ikiwa na Waziri wa Biashara Ron Brown na wakuu wa makampuni waliokwenda kutafuta biashara. Wote 35 walikufa. Ndege ilikuwa na asili ya Boeing 737, lakini haikuwa na kinasa cha takwimu wala cha sauti. Wachunguzi walifikia hitimisho kwa ushahidi mwingine, ila maneno ya mwisho ya marubani hayakusikika kamwe. Baada ya hapo Marekani iliharakisha kufunga vifaa vya usalama kwenye ndege zake za kijeshi zinazobeba abiria.

Kinasa pia si cha kusubiri maiti. Tarehe 9 Machi 2009 ndege ya mizigo ya Ilyushin 76 ilitoka Entebbe kuelekea Mogadishu kwa kazi ya kikosi cha Umoja wa Afrika, ikaanguka Ziwa Victoria. Watu 11 walikufa, wakiwemo maofisa wa jeshi la Burundi. Ilikuwa ndege ya kukodi, si ya jeshi, na uchunguzi ulionyesha kwamba injini zote nne zilikuwa zimepita muda wake wa matumizi. Takwimu za injini zikisomwa mara kwa mara, si baada ya ajali tu, fundi huona injini inayochoka kabla haijaua.

Basi jeshi la Afrika Mashariki likitangaza zabuni ya vinasa kwa ndege zake za mizigo, linunue nini? Kwanza, kinasa kinachostahimili moto wa nyuzi 1,100 kwa saa nzima. Pili, kitoa mlio cha majini cha siku 90, maana njia zetu nyingi zinapita juu ya maziwa. Tatu, mashine na programu za kusoma takwimu, vipuri, na mafunzo ya mafundi.

Hilo la tatu ndilo husahaulika. Ndege ya Ethiopian Airlines ilipoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, vinasa vilipatikana. Ujerumani ilisema haina programu ya kusoma aina hiyo mpya, vikapelekwa Ufaransa. Kununua kinasa bila kisomaji ni kununua mzani usio na namba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe. Kazi yake ni ndege za kiraia, lakini nchi wanachama zinaweza kukubaliana kuwa na maabara moja ya kusomea vinasa, ambayo majeshi nayo yangeitumia kwa masharti yao ya siri. Hoja ya siri ina uzito kwa silaha na misheni. Joto la injini ya ndege iliyobeba maharage si siri ya taifa.

Mpaka siku hiyo, mwenye mzigo ana maswali matatu ya kumuuliza wakala kabla ya kulipa. Ndege imesajiliwa kiraia au kijeshi? Bima yangu inaitambua? Uzito ulioandikwa kwenye hati ni ule uliopimwa kwenye mzani, au ni wa kukadiria? Wakala akikosa jibu la swali la kwanza, mzigo usubiri lori.