Cc 321 Zinatosha: Nduthi ya Spoti kwa Aliyepata Leseni Juzi

Leseni ya pikipiki ya Kenya haikuulizi unakwenda kupanda nini. Ukishafaulu mtihani wa daraja la A2, mara nyingi kwa pikipiki ndogo ya cc 100 au 150 ukizunguka koni uwanjani, sheria inakuruhusu kesho yake upande Yamaha R6 yenye nguvu za farasi zaidi ya 110. Ulaya hawafanyi hivyo. Tangu Januari 2013, mwenye leseni ya kati kule anawekewa kikomo cha kilowati 35, yaani farasi 47 hivi, na hukaa hapo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa pikipiki kubwa. Kwetu, wa kumwambia kijana "ngoja kwanza" ni mzazi wake, rafiki yake au fundi wake. Mimi ni fundi wa nduthi hapa Kware, Nairobi, na neno hilo nalisema kila linapohitajika kusemwa.

Kazi yangu nyingi ni Boxer na TVS za bodaboda. Lakini siku hizi wanakuja vijana wenye ajira, wengine Industrial Area, wengine mjini, waliochoka na jamu ya matatu na kuweka akiba. Kijana ananionyesha picha kwenye simu: "Fundi, hii ni poa ya kuanzia?" Kisha anataja cc, na hapo ndipo anapopotea. Yamaha R3 ina cc 321, R6 ina cc 599. Ukisikiliza hesabu hiyo utadhani ya pili haifiki hata mara mbili ya ya kwanza. Tazama nguvu sasa. Boxer ya 150 uliyojifunzia inatoa farasi 12 hivi. R3 inatoa 42. R6 imetengenezewa mashindano, na inakaribia mara kumi ya Boxer. Kutoka Boxer hadi R3 tayari umeruka mara tatu na nusu, na mruko huo unamtosha mtu yeyote mwenye leseni mpya.

R3 ina jambo lingine linalonifanya niisifu. Nguvu zake zote 42 hazipatikani mpaka injini ifike mizunguko 10,750 kwa dakika. Chini ya hapo ni mpole, na silinda zake mbili huvuta bila kurusha. Mkono wa mgeni ukitetemeka kwenye akseli barabarani penye mashimo, haimtupi mbele. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi. Wapo wanaolalamikia hilo. Kwa mwanafunzi mimi naliona ni msaada. Hata hivyo asidanganyike: gia ya kwanza peke yake, ikivutwa hadi mwisho, inapita kilomita 50 kwa saa, na huo ndio mwendo wa juu kabisa sheria inaoruhusu mjini.

Kujaribu nduthi ya spoti, watu hukimbilia barabara ya Outer Ring kuona inafika wapi. Mimi nataka kuiona ikitambaa hapa mtaani. Njia zetu zimebanwa na maghorofa. Kuna mikokoteni ya maji yenye mitungi, meza za akina mama mboga hadi ukingoni, maji taka katikati, na mtoto anayetoka mlangoni bila kutazama. Hapo unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, miguu tayari. Kwanza kaa juu yake. Kiti cha R3 kiko milimita 780 kutoka chini, cha Kawasaki Ninja 400 ni 785. Mtu wa kimo cha kawaida anafika chini bila taabu. Kilo 170 hivi za nduthi kama hizi hazikusumbui ukiwa mwendoni. Zinakusumbua ukisimama kwenye mteremko wenye tope na mguu mmoja ukateleza. Halafu geuza. Usukani wa nduthi ya spoti haukunji kama wa Boxer, na kona uliyozoea kuigeuza mara moja utaigeuza kwa kurudi nyuma mara mbili. Tazama pia matuta. R3 imeinuliwa milimita 160 kutoka ardhini na hupita mengi, ila yale yaliyojengwa na wenyeji usiku kwa mawe na simiti yataiparuza tumbo ukiwa umebeba mtu.

Mama mmoja wa Pipeline alikuja na mwanawe, akaniuliza mbele yake: "Hii itamuua mwanangu?" Nilimjibu kwamba swali lake linajibiwa na breki. Tukaanzia hapo, na ningependa kila anayesoma aanzie hapo.

Mwanabodaboda huzoea kukanyaga breki ya nyuma. Kwa Boxer yenye abiria tabia hiyo ina maana, kwa kuwa uzito umekaa nyuma. Ukiwa peke yako juu ya R3 mambo yanageuka. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia gurudumu la mbele na la nyuma linabaki jepesi. Likikanyagwa kwa hofu linajifunga na kuserereka. Kazi kubwa ni ya mbele, kwenye diski ya milimita 298, na inakamuliwa kwa vidole viwili, taratibu kisha kwa nguvu, wala haipokonywi. Nenda Jumapili asubuhi mahali peupe penye lami. Simama kutoka kilomita 30 kwa saa, rudia mpaka mkono uzoee, ndipo upande 40, kisha 50.

ABS, inayozuia gurudumu kujifunga, nisingeiacha. Ulaya, pikipiki mpya zote zaidi ya cc 125 zinalazimika kuwa nayo tangu 2017, na India tangu Aprili 2019. Lakini zipo R3 zilizouzwa bila hiyo, na muuzaji hatakwambia. Chungulia karibu na diski: utaona pete yenye matundu na waya mwembamba unaoielekea. Washa ufunguo, taa ya ABS iwake, kisha izime ukishaanza kwenda. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameikata ili asikuonyeshe hitilafu.

Hayo yote nayasema kwa sababu ya Outer Ring. Tangu ipanuliwe inamshawishi kijana aliyetoka kukwama kwenye makutano ya Taj afungue akseli yote. Kwa kilomita 100 kwa saa unapita mita 28 kila sekunde, na sekunde ya kwanza huisha kabla kidole hakijagusa breki. Vivuko vya juu vipo, lakini watu bado wanavuka chini, na matatu husimama popote penye abiria.

Kwa hiyo nikilazimishwa kupanga: R3 kwanza, hasa za kabla ya 2019, kwani mwaka huo usukani ulishushwa milimita 22 na viganja vikaanza kulemewa kwenye jamu. Ninja 400 ya pili. Farasi wake ni 45, bado iko ndani ya kikomo cha Ulaya, ila inaamka mapema zaidi. TVS Apache RR 310, iliyozinduliwa mwisho wa 2017 kwa injini iliyobuniwa pamoja na BMW, ina silinda moja, na ilitoka na farasi 34. Inatetemeka zaidi, lakini kwa anayeanza ni chaguo zuri kabisa. KTM RC 390 naiweka mwisho kwa mgeni: kiti kiko juu, na akseli ni kali ukiigusa tu.

Ukinunua iliyotumika, linganisha namba ya chasisi na ya injini na logbuku kabla pesa haijatoka mfukoni. R3 za mwanzo Yamaha iliziita zirekebishwe klachi na pampu ya oili mnamo 2016. Uliza kama hiyo yako ilifanyiwa. Chini ya plastiki za ubavuni tafuta mikwaruzo na gundi. Funga vilinzi vya pembeni siku ya kwanza, maana itaanguka ikiwa imesimama, na plastiki moja ya mbele huagizwa kwa bei ya kukuumiza.

Pia usimalize akiba yote kwenye nduthi. Sheria ya 2012 inadai helmeti na koti linaloakisi mwanga, kwako na kwa unayembeba. Tafuta helmeti ya kufunika uso mzima, yenye alama ya ECE, inayobana mashavu na yenye mkanda unaofungwa kweli. Kijana wa yule mama alikuwa na pesa za R3 bila za helmeti. Nilimrudisha nyumbani akaweke akiba tena, na mamake akanishika mkono kwa mikono yake miwili.