Kidole Kilichoshonwa Hakitaki Kulala

Katika delta ya Rufiji mkono na makali havitengani: panga la mkata boriti za mikoko, mundu wa mvuna mpunga, kisu cha mpasua samaki. Jeraha la sentimita 2 tu upande wa kiganja linatosha kukata kano zinazokunja kidole. Dalili huonekana hapo hapo. Mtu akikunja ngumi, kidole kimoja kinabaki kimenyooka.

Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano 2 za kukikunja. Hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute, chini ya mikanda migumu inayozibana kwenye mfupa, kama jarari ipitavyo katika kapi la jahazi. Nafasi ni finyu mno. Ndiyo maana zamani bingwa wa upasuaji wa mikono wa Marekani, Sterling Bunnell, alishauri kano zilizokatwa hapo zisishonwe papo hapo. Kovu linalounga kano ndilo hilo hilo linaloigandisha na ala: kano imepona, kidole hakikunjiki.

Mwaka 1967 daktari wa upasuaji Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha njia nyingine. Walishona kano hizo mapema, kisha wakaanza kukichezesha kidole kwa msaada wa mpira, kovu lisipate pa kushika.

Leo mgonjwa hufungwa banzi mgongoni mwa mkono, vifundo vya ngumi vikiwa vimeinama, kwa wiki 6 hivi. Siku chache baada ya upasuaji huanza zoezi: mkono usioumia unakisukuma kidole taratibu hadi kiganjani, kisha chenyewe kinajinyoosha mpaka kiguse banzi. Hurudiwa mara kadhaa kutwa. Kunyanyua ndoo ni mwiko, kwani wiki za mwanzo kano hushikiliwa na uzi tu. Kazi nzito husubiri hadi wiki ya 12.

Kwa mtu wa Mbwera au Kiongoroni, kurudi kliniki ni safari ya boti kwanza, ndipo barabara ya Kibiti. Kwa hiyo zoezi hilo alijue kabla ya kuruhusiwa, alifanye mbele ya muuguzi, na ndugu atakayemuuguza awepo akitazama. Kinachoumiza ni kuona upasuaji mzuri ukipotea kwa maelezo ya dakika 10 ambayo hayakutolewa. Kano ikishaganda, husubiriwa miezi 3 hadi 6 ndipo mgonjwa afanyiwe upasuaji mwingine wa kuiachanisha, na mazoezi yanaanza upya mara moja.