Mji Niupitao Kila Siku

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini waweza kutembea sana usione kitu! Mimi ni mkaaji wa Kaloleni, Nairobi, na nimepita katikati ya jiji tangu utotoni. Hata hivyo, kama ungeniuliza ile sanamu ya Moi Avenue ni ya nani, ningekuna kichwa tu. Basi Jumamosi moja niliazima simu ya dada yangu, nikaenda na rafiki yangu kulipiga jiji picha. Msomaji mpenzi, nataka kukueleza jinsi ya kufanya matembezi kama hayo na mambo niliyojifunza.

Kwanza, toka mapema. Saa moja asubuhi watu si wengi na jua halijawa kali. Usitembee umeinua simu juu juu, kwa maana wezi wa simu hawalali. Simama kando, piga picha, kisha irudishe mfukoni chapuchapu.

Pili, omba ruhusa. Somo hili nililipata kwa aibu. Niliposhuka matatu pale Muthurwa, nilimwona mama mmoja akipanga ndizi zake. Nikampiga picha papo hapo. Akanitazama.

"Wee kijana, umeniuliza?"

"Pole mama, ni ya shule tu."

"Hata kama ni ya shule. Uso ni wangu. Hebu futa."

Nikaifuta yeye akiangalia, na wenzake wakicheka kwelikweli. Niliondoka nimenuna. Niliona ananionea bure.

Tatu, usipige picha tu, bali soma maandishi na uulize. Kule Moi Avenue nilikuta kwamba sanamu ile ni ya Tom Mboya. Aliuawa kwa risasi karibu na hapo tarehe 5 Julai 1969, wakati barabara hiyo ilipokuwa ikiitwa Government Road. Tukaingia Kimathi Street, alipo Dedan Kimathi na bunduki yake. Wakoloni walimnyonga mwaka 1957, na sanamu yake ikazinduliwa mwaka 2007, yaani miaka 50 baadaye.

Katika Kenyatta Avenue kuna sanamu za wanaume watatu weusi. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Maandishi yake ni ya lugha tatu, na Kiswahili chetu kimo! Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps. Litamke jina hilo upesi upesi nawe utajua mtaa wetu wa Kariokor ulipata wapi jina lake.

Mwisho tulifika Kipande House, iliyoko pia Kenyatta Avenue. Mlinzi niliyemwomba ruhusa aliniambia nivuke barabara nipige kutoka ng'ambo. Mwalimu wetu wa historia alikuwa ametueleza habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuandikishwa, kupigwa alama za vidole, na kutembea na karatasi hiyo ndani ya kijaluba cha chuma. Wengi walikivaa shingoni. Aliyepatikana bila kipande alitozwa faini au kufungwa. Na humo ndimo watu walimoandikishwa.

Nilisimama pale nikitazama. Miaka 16 ndio umri wangu mimi. Ningalizaliwa enzi hizo, ningalipanga foleni hapo nichukuliwe vidole, nipende nisipende. Ghafla nikamkumbuka yule mama wa ndizi. Mimi nami nilikuwa nimemchukua uso bila kumuuliza!

Jioni nilimwonyesha babu picha zile. Alipoiona ya Kipande House alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Mjukuu wangu, baba yangu alikuwa nacho. Alisema kilimwashia shingo kama kengele ya mbuzi." Sikuwahi kumsikia babu akilitaja jambo hilo. Pengine ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Muthurwa bila rafiki. Nikamwamkua yule mama, nikanunua ndizi mbili, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba picha. Alicheka, akajifunga leso vizuri, akaketi wima.

"Sasa piga. Na uniletee yangu."

Nimeisafisha kwenye karatasi na kumpelekea. Ameibandika ndani ya kibanda chake.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mji wenu mnaupita kila siku. Simameni siku moja mtazame, na mkitaka kuchukua chochote, hata sura ya mtu, ombeni kwanza. Muungwana ni kitendo.