Hesabu Madaraja

Wanangu, siku ya mwisho ya safari ndefu ya baiskeli ina hila zake. Niliondoka Mombasa peke yangu, nikiwa na pampu ya mkono, viraka vya pancha na mfuko mmoja nyuma ya kiti. Nikapanda hadi Nairobi, nikashuka Bonde la Ufa, nikapita Nakuru. Nilipolala Kericho nilikuwa nimebakiza chini ya kilomita 80 kati ya takriban 800. Nikajua kesho yake mchana nitakuwa Bomet, miguu juu, nimemaliza.

Asubuhi fundi wa baiskeli aliyenikazia breki aliniuliza naelekea wapi. Nilipomjibu, akatikisa kichwa. "Kaka, njia hiyo usihesabu kilomita. Hesabu madaraja."

Sikumwelewa mpaka nilipofika Chemosit. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye siri ya nchi ile. Msitu wa Mau uko juu, mashariki. Ziwa Victoria liko chini, magharibi. Maji ya Mau hutafuta ziwa, na kwa muda mrefu kupita hesabu yetu yamechimba mabonde yaliyopangana kama vidole vya mkono uliotandazwa. Barabara ya kwenda Litein inavikata vidole hivyo kimoja kimoja. Unateremka hadi darajani, upepo unakutoa machozi, unavuka mto, na papo hapo mlima unakungoja. Ukifika kileleni unaona bonde jingine.

Mlima wa namna hiyo haushindwi kwa nguvu. Unaweka mnyororo kwenye gia nyepesi: kisahani kidogo mbele, kikubwa nyuma. Miguu inazunguka mara nyingi na gurudumu linasogea kidogo, lakini kila mzunguko ni mwepesi, kama ngazi yenye vipandio vifupi. Halafu unakula kabla ya kuhisi njaa. Misuli huweka akiba ya sukari, na akiba hiyo ikiisha huku ukiwa mlimani, magoti yanalegea na kichwa kinakuwa kizito. Nilikula ndizi kila baada ya madaraja mawili.

Na chai ilikuwa kila upande. Vichaka vimekatwa sawasawa, bapa, kijani kibichi hadi macho yanachoka. Je, mnajua kwamba mchai ukiachwa hukua ukawa mti? Hupogolewa ubaki usawa wa kiuno ili mchumaji aufikie, naye huchuma kichipukizi kimoja na majani mawili laini ya juu. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920. Wakulima wadogo, wenye ekari moja au nusu, walipata shirika lao la KTDA mwaka 1964, na vituo vyao vya kupimia majani utaviona kando ya barabara.

Mimi niliokolewa na kimoja cha vituo hivyo. Nilikuwa nimepita Kapkatet, saa nane mchana, mbingu zikafunga ghafla. Kule hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda milima, hupoa, hugeuka mawingu, na alasiri humwagika. Ndiyo maana Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana mchai unaipenda. Lakini siku hiyo ilikuwa mvua ya mawe. Nilijitupa chini ya bati la kituo, baiskeli ikanifuata.

Mama mmoja alikuwa ameketi kando ya gunia lake. "Chamgei," akanisalimu. "Chamgei mising," nikamjibu, nikiona fahari kwa Kikipsigis changu cha maneno mawili. Akacheka, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Kisha akatumbukiza mkono ndani kabisa ya gunia, hadi kwenye kiwiko.

"Mama, unatafuta nini?"

"Joto, kijana. Majani yakibanana sana yanapata joto, yanaharibika kabla ya kufika kiwandani."

Akayatoa yote, akayatandaza chini kwa viganja, polepole, kama anayempapasa mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa nikihesabu dakika zangu zilizopotea. Yeye alikuwa akitazama nje, shambani, ambako mawe yalikuwa yakikata vichipukizi. Vikikatika, mkulima hungoja majuma kadhaa kabla ya kuchuma tena. Tangu siku hiyo sijawahi kunywa chai bila kumkumbuka.

Mvua ilipokatika niliendelea hadi Kaplong, nikakata kushoto. Jua lilikuwa likizama nilipofika Bomet, nikaegemeza baiskeli kwenye daraja la mto Nyangores na kuketi. Nilitaka kushangilia, lakini sauti ilikuwa imeisha.

Jambo moja nililijua baadaye. Kati ya Kaplong na Bomet nilikuwa nimevuka mgongo wa nchi bila kuuona. Mito niliyoiacha nyuma humiminika katika mto Sondu, kisha Ziwa Victoria. Nyangores huelekea kusini, huungana na Amala na kuwa mto Mara, ule ule ambao nyumbu huuvuka kila mwaka. Huingia Serengeti, Tanzania, na karibu na Musoma humwaga maji yake katika Ziwa Victoria hilo hilo. Ukifika Bomet, simama darajani uyatazame yanakoelekea.