Muhogo Mchungu na Kimeng'enya Chake

Katika uwanda wa juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi upande wa Masasi, muhogo mchungu humenywa na kuanikwa ukawa makopa, na usalama wa chakula hicho hutegemea kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuisha. Ndani ya seli za muhogo mna linamarini, kiambata cha sukari chenye sianidi, ilhali kimeng'enya kiitwacho linamarasi hukaa kwenye kuta za seli. Viwili hivyo hukutana pale muhogo unapopondwa, ndipo linamarini huvunjika na hatimaye sianidi hutoka kama gesi.

Kazi hiyo huhitaji maji na muda. Kipande kinene kikianikwa juani hukauka kabla linamarasi haijaifikia sumu yote, na muhogo ukichemshwa mzima, joto huharibu umbo la kimeng'enya huku sehemu kubwa ya linamarini ikibaki. Gharama ya sumu kubaki kwenye chakula ni nzito mno: mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Masasi walidhurika kwa unga uliotayarishwa haraka wakati wa njaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usio na tiba, ulijitokeza mkoani Mtwara.

Ili kuzuia madhara hayo, mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alipendekeza unga wa muhogo uloweshwe, utandazwe kwa tabaka jembamba kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usongwe ugali siku hiyohiyo, kwani maji hukiamsha kimeng'enya kilichosalia ndani ya unga.