Theluji ya Kibo (3): Walioteleza na Waliobeba

Juma lililopita tulimwacha Bwana Cooley kule London akikana katakata kwamba theluji yaweza kukaa jirani na Ikweta. Leo ilikuwa zamu ya von der Decken na Kersten, waliopanda mwaka 1862. Lakini utabiri wa mvua za Vuli, ambazo kule juu huanguka kama theluji, umeshatoka, na hapa Chang'ombe vijana wanachangishana nauli wakafike kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, ifikapo Desemba 9. Decken atangoja.

Theluji ya Kibo wapo waliowahi kuitamani kwa michezo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo, kisha wakashuka wakiteleza kwa ski, wa kwanza kufanya hivyo. Enzi hizo barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 hazikutimia hata 2. Kipande kilichobaki ndani ya kreta kinaitwa Furtwängler hadi leo. Sina ugomvi na marehemu, ila mahema na chakula cha misafara ile havikupanda vyenyewe. Soma majina ya barafu kwenye ramani: Rebmann, Kersten, Heim, Decken, Credner, Penck. Mchaga utamtafuta kwa tochi! Hata Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, hakuachiwa hata kipande. Tumebadili majina ya mitaa mingapi Dar es Salaam, mlima ukatushinda?

Haya, theluji. Ulaya, ile ya mwanzo wa msimu huogopwa kwa sababu tabaka la chini huwa legelege. Upepo ukirundika jingine juu yake, kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 bamba zima hukatika likamzoa mtu. Kibo jua la utosi haliachi matabaka yazeeke. Huku hatari inayokuja na theluji ni mawe. Mchana maji ya theluji hupenya nyufani, usiku huganda, yakavimba na kusukuma mwamba. Na barafu iliyokuwa ikiyashikilia mawe hayo ndiyo hiyo inayokwisha. Tarehe 4 Januari 2006 yaliporomoka karibu na kambi ya Arrow Glacier, upande wa magharibi. Wamarekani watatu walikufa, na wapagazi walikuwa miongoni mwa majeruhi. Njia ilifungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007.

Wengi wenu mtapita Marangu au Machame, si huko. Hata hivyo theluji mpya hufunika njia na changarawe, na alfajiri huwa imeganda ngumu. Raba za Kariakoo hazishiki. Anayepita magharibi avuke kabla jua halijagusa miamba, kofia ngumu kichwani. Na kabla ya kulipa, muulizeni wakala: wagumu watakaowabebea mizigo, kila mmoja na kilo zake zisizozidi 20, wao kofia hizo wanazo?