Vidole Kumi na Mashine Kuukuu: Ufundishaji wa Uchapaji kwa Watoto wa Mtwara kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uchapaji wa vidole kumi ni stadi ya kuandika kwa kibodi bila kuitazama, kila kidole kikiwa na herufi zake. Stadi hii ni kongwe kuliko kompyuta. Ilijipatia sifa mwezi Julai 1888 mjini Cincinnati, Marekani, pale Frank McGurrin, aliyekuwa amekariri kibodi ya taipureta yake, alipomshinda Louis Traub katika shindano la kuchapa.

Kwa mkoa wa Mtwara, suala hili linagusa maisha ya sasa. Kijana anayehitimu masomo hutakiwa kuwasilisha maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya ajira serikalini kwa njia ya mtandao. Asiyeweza kuchapa humlipa mhudumu wa steshenari amwandikie, na kwa kufanya hivyo humkabidhi pia taarifa zake binafsi na nywila yake. Darasani nako, mwanafunzi anayewinda herufi kwa vidole viwili husahau sentensi aliyokusudia kabla hajaifikisha mwisho. Makala haya yanafafanua namna stadi hii inavyoweza kufundishwa kwa watoto kwa kutumia kompyuta za zamani. Hoja inayojengwa ni kwamba kikwazo kikubwa si uchakavu wa mashine, bali ni mazoezi yaliyotungwa kwa kufuata lugha nyingine.

2.0 Kompyuta ya Nyumbani Ambayo Haikufika

Miaka ya mwanzo ya 1980, watoto wengi wa Uingereza na Marekani walikutana na kibodi kupitia kompyuta ndogo za nyumbani, kama vile BBC Micro ya 1981 na Commodore 64 ya 1982. Nyingi kati ya mashine hizo ziliunganishwa na televisheni ya familia. Tanzania Bara haikupitia hatua hiyo. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na matangazo ya televisheni hayakuanza Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo, kompyuta ya zamani inayopatikana Mtwara leo si masalia ya utoto wa mzazi. Aghalabu ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini.

Hata hivyo, elimu ya vidole kumi haikukosekana nchini. Ilihifadhiwa katika fani ya uhazili, iliyofundisha upigaji chapa pamoja na hati mkato. Chuo cha Uhazili Tabora kiliandaa makatibu mahsusi wa ofisi za umma, na leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, ambacho kina kampasi mjini Mtwara pia. Tatizo ni kwamba elimu hiyo ilihesabiwa kuwa ya kazi ya ofisini, hivyo ikabaki kwa watu wazima. Haikuteremka hadi shule ya msingi.

3.0 Kibodi Inavyogawa Herufi za Kiswahili

Mpangilio wa kibodi unaotumika Afrika Mashariki ulitokana na taipureta za Remington za miaka ya 1870, nao haukuizingatia lugha ya Kiswahili. Herufi a, inayojitokeza kuliko zote katika maandishi ya Kiswahili, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Herufi q na x, zisizotumika katika tahajia ya Kiswahili, zimepewa nafasi zao, ilhali c huhitajika katika ch pekee.

Pamoja na kasoro hiyo, muundo wa silabi za Kiswahili unampa mwanafunzi nafuu. Silabi nyingi huishia kwa irabu, na konsonanti kadhaa zinazotumika sana ziko upande wa kulia. Kwa sababu hiyo, ka, la, ma, na na ha huchapwa kwa mikono miwili ikipokezana. Miungano mb, nd, ng na nz nayo hupokezana kutoka kulia kwenda kushoto. Ugumu hujitokeza pale kidole kimoja kinapolazimika kuruka kutoka safu moja hadi nyingine. Hali hiyo iko katika ny, mu na nu, ambazo ni kazi ya kidole cha shahada cha kulia. Katika ki, ya kidole cha kati cha kulia. Na katika za, ya kidole cha mwisho cha kushoto.

Majina ya mahali yanadhihirisha jambo hili. Katika jina Mtwara, herufi tano kati ya sita ni za mkono wa kushoto. Katika Mikindani, herufi tano za mwanzo huchapwa kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Katika Ruvuma, vidole vya shahada hufanya kazi yote isipokuwa a ya mwisho. Majina hayo matatu, ambayo mtoto anayafahamu, ni mazoezi matatu tofauti.

Safu ya katikati, ambako vidole hupumzika, ina irabu moja tu, yaani a. Hata hivyo, safu hiyo peke yake inatosha kuandika kaka, dada, saa, jalada na sadaka, na pia maneno ya pwani kama kaa, kasa na dagaa, bila kusahau ghala. Sentensi kamili kama "dada asaka kaa" inawezekana tangu somo la kwanza. Programu za kufundishia, ikiwemo ile mashuhuri ya Mavis Beacon iliyotoka mwaka 1987, zilitungwa kwa maneno ya Kiingereza. Mtoto anayejifunza kwa programu hizo hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kutafuta herufi na kutambua neno asilolijua.

4.0 Mashine Inayofaa

Umri wa kompyuta si kigezo cha msingi. ZX Spectrum ya 1982 ilikuwa na vitufe 40 vya mpira, visivyofaa kwa uchapaji wa vidole kumi. BBC Micro, iliyoitangulia, ilikuwa na vitufe kamili. Kinachotakiwa ni vitufe vinavyobonyea na kurudi, na alama za kugusa kwenye F na J zinazokiongoza kidole. Kishikwambi chenye kibodi ya kioo hakina alama hizo, hivyo humlazimisha mtoto kutazama.

Kompyuta kuukuu isiyo na intaneti ina faida nyingine. Haimkatizi mwanafunzi kwa matangazo, na programu yake sahili ya kuandikia haibadilishi maneno ya Kiswahili kwa kuyadhania kuwa makosa ya Kiingereza. Tahadhari inayohitajika pwani ni dhidi ya unyevu na hewa ya chumvi, ambavyo hula viungio vya chuma. Mashine ifunikwe na ihifadhiwe mahali pakavu.

5.0 Mpangilio wa Somo

Kutokana na uchambuzi huu, hatua nne zinapendekezwa. Kwanza, maneno ya safu ya katikati. Pili, irabu e, i, o na u, zote zikiwa safu ya juu, zikiambatana na viambishi vya ngeli vinavyowezekana kwa safu hizo mbili, kama vile ki, wa na li. Tatu, m na n za safu ya chini, pamoja na miungano ya konsonanti. Nne, ng' na alama yake ya ritifaa, kisha insha fupi. Pale mashine zinapokuwa chache, wanafunzi wanaosubiri wafanye zoezi hilohilo juu ya kibodi iliyochorwa kwenye karatasi. Vipindi vifupi vya kila siku vinafaa kuliko kipindi kimoja kirefu kwa wiki, na mikono ifunikwe kwa kitambaa ili macho yasiingilie. Usahihi upimwe kabla ya kasi.

6.0 Hitimisho

Mtwara ina wataalamu wa uhazili na vyuo vya ualimu. Kinachokosekana ni daraja kati ya pande hizo mbili: kitabu cha mazoezi ya Kiswahili kinachoweza kutumiwa na mwalimu wa shule ya msingi bila kusubiri maabara mpya. Gharama ya kukitunga ni ndogo ikilinganishwa na gharama anayoibeba kijana anayelazimika kumsomea mtu mwingine nywila yake ili aandikiwe.